Wastaafu wa Chekechea

Nchi ninayoisimulia haipakani na yenu, kwa hiyo asitokee mtu wa kununa. Ni nchi nzuri, watu wake wastahimilivu, na serikali yake ina sifa moja ambayo mataifa mengine yanaionea kijicho: haijawahi kuchelewa. Barabara zake huzinduliwa kabla ya kujengwa. Visima vyake hupongezwa kabla ya kuchimbwa. Hata matokeo ya uchaguzi, kwa kuwaondolea wananchi wasiwasi, hujulikana mapema, na watu huenda kupiga kura roho zikiwa zimetulia.

Katika nchi hiyo palikuwa na mwalimu wa chekechea aliyeitwa Siwatu. Alikuwa mama wa makamo, mpole wa sauti, mwoga wa barua za serikali, na shule yake ilikuwa chumba kimoja cha matofali nyuma ya mashine ya kusaga nafaka, hivyo kuanzia saa nne watoto wote walikuwa na nywele nyeupe kwa vumbi la unga. Serikali ilileta mikeka, sukari na unga wa uji. Uji ndio uliokuwa moyo wa shule ile. Kwa watoto wengi kilikuwa ndicho chakula cha kwanza tangu jana yake, na mama zao, ambao wengi waliponda kokoto kule machimboni, waliweza kupiga nyundo wakijua kwamba mtoto amekula na yuko mbali na mawe yanayoruka.

Pamoja na unga ulikuja Mpango. Mpango ulishuka kutoka Wizara ya Watoto Wadogo na Mambo Yajayo, umeandikwa na wataalamu ambao, ili utaalamu wao usichafuke, hawakuruhusiwa kukaa karibu na watoto. Ulieleza kila mtoto wa nchi atajifunza nini, siku gani, kabla au baada ya uji. Kazi ya Siwatu ilikuwa kutazama, kisha kuandika Taarifa ya Kuona.

Mwanzoni, maskini, aliandika alichokiona.

* * *

Bwana Tungaraza, Afisa Mfuatiliaji wa mkoa, alifika na gari lililofungiwa vioo. Alikuwa mtu mwembamba, suti yake ya kaki imenyooshwa hadi ikawa na makali. Akakaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakamfikia kidevuni, akafungua taarifa.

"Mwalimu, Jumanne mtoto Nyamizi alitakiwa atambue mduara."

"Ndiyo, mzee."

"Wewe umeandika kwamba alilala kifudifudi mlangoni akitazama sisimizi wanavyokokota bawa la kumbikumbi, na kwamba aliwawekea kijiti wavukie maji."

"Ndivyo alivyofanya. Na bawa likavuka. Alifurahi sana, mzee, ungemwona."

Bwana Tungaraza akafungua Mpango, akashuka nao kwa kidole taratibu, ukurasa hadi ukurasa. "Sisimizi hawamo," akasema. "Kwa hiyo hawakuwepo."

Siwatu akaangalia mlangoni. Sisimizi walikuwa bado wapo, na Nyamizi alikuwa bado yuko nao, makalio juu, shavu chini.

"Mwalimu, mimi sina ubaya na wewe. Lakini shule ambayo Mpango unasema hivi na watoto wanafanya vile, Wizara inaihesabu kuwa ina watoto wasiofaa. Shule ya watoto wasiofaa haipewi uji. Halafu kuna jambo la pili. Taarifa yako imekuja Ijumaa. Mimi mkoani natakiwa niifikishe Alhamisi, kwa sababu Katibu anaitaka Jumatano, kwa sababu Waziri ataisoma Jumanne asubuhi. Na mambo yenyewe yametokea Jumanne mchana. Unaona unavyotuchelewesha?"

Siwatu aliona. Yaani hakuona, lakini aliwaza sufuria la uji, akaona hilo latosha. Jioni ile alikaa mezani kwake akauweka Mpango upande huu na fomu upande ule, na popote Mpango ulipoandika "mtoto atatambua", yeye akaandika "mtoto ametambua". Kazi ya wiki nzima akaimaliza kabla chai haijapoa. Akaipeleka mkoani Jumatatu, wiki ikiwa bado haijaanza kuzoeleka, na akalala vizuri.

* * *

Kumbe alikuwa amefanya ugunduzi. Barua ya pongezi ilifika ikiwa na mhuri wa rangi mbili. Wizara ilikuwa imesoma kwamba katika shule ya Mwalimu Siwatu hakuna mtoto hata mmoja aliyejifunza kitu nje ya Mpango, wala kuchelewa kukijifunza. Njia yake ikapewa jina, Kuona kwa Kutangulia, na walimu wa nchi nzima wakaitwa kwenye semina kufundishwa namna ya kuacha kusubiri watoto.

Baada ya hapo kila ofisi ikaona aibu kuwa ya mwisho. Mkoa ukataka taarifa za mwezi ujao, Katibu akataka za muhula ujao, Waziri akataka za mwaka mwingine. Siwatu akawa anaandika usiku na mchana. Watoto wake walijua mduara, wakajua kusoma, wakamaliza chekechea, na kwa kuwa hapakuwa na sababu ya kuisimamisha kalamu mahali pazuri kama pale, wakaingia la kwanza. Mipango ya madarasa ya juu ikaanza kuletewa yeye, maana ndiye aliyekuwa na watoto wanaokwenda kasi. Akajaza la tatu. Akajaza la saba, akajaza sekondari na chuo kikuu. Nyamizi akapata alama za juu katika jiografia, ingawa kwa wakati huo alikuwa anaamini kwamba machimboni ndiko dunia inakoishia.

Siku ya mahafali ya chuo kikuu Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Fumbwe, alifika nyuma ya mashine ya kusaga. Majoho yaliletwa ya saizi moja, ya watu wazima, na watoto wakaonekana vichwa tu vikitembea juu ya rundo la nguo. Mheshimiwa alisimama kwenye jukwaa, tumbo mbele, akakohoa kwa ajili ya maikrofoni.

"Ndugu wananchi, mataifa mengine yanakaa na mtoto miaka ishirini yakisubiri akue. Ishirini. Sisi tumesema basi. Tumeutokomeza utoto, kama tulivyotokomeza ndui. Kijana wetu huyu hapa," akashika kichwa cha Nyamizi, aliyekuwa amesinzia ndani ya joho, "ni mhandisi. Mwangalieni alivyotulia. Huo ndio utulivu wa msomi."

Watu wakapiga makofi. Mama Nyamizi, aliyekuwa ametoka machimboni na vumbi lake, alipiga makofi kuliko wote, kisha akamsogelea Siwatu pembeni.

"Mwalimu, ameshakuwa mhandisi kweli?"

"Kwenye makaratasi, mama."

"Mbona bado hawezi kufunga vifungo?"

Siwatu akamwambia atajifunza tu, akageuka kuwapanga wengine kwa ajili ya picha.

* * *

Uji ulikatwa mwezi huohuo. Barua ilieleza kwa upole kwamba serikali hutoa uji kwa watoto wadogo, nchi haina tena watoto wadogo, na si heshima kumnywesha mhitimu uji kwenye kikombe cha plastiki. Unga uliobaki stoo ulipelekwa ofisi ya mkoa, ambako palikuwa na kikao.

Kwa siku kadhaa Siwatu alichanga kutoka kwenye unga wake wa nyumbani. Ukaisha. Watoto wakaanza kupungua, na ukitaka kujua wako wapi ulikwenda machimboni ukawakuta wamekaa juu ya marundo, kila mmoja na kanyundo. Siku Nyamizi alipokosekana, Siwatu alikwenda kumfuata. Alimkuta jicho moja limevimba kwa kipande cha jiwe.

"Si kosa lako, mwalimu," Mama Nyamizi akasema bila kuacha kuponda. "Umemsomesha mpaka mwisho. Sasa kama kazi hamna, tutafanyaje?"

Maneno yale yalimchoma Siwatu kwa sababu yalisemwa kwa shukrani. Alimbeba mtoto mgongoni, akapanda naye gari la abiria hadi mji mkuu, akaingia naye Wizarani.

Wizara ya Watoto Wadogo na Mambo Yajayo ilikuwa jengo la ghorofa nyingi, na ndani yake hakuwahi kuingia mtoto. Wafanyakazi walitoka vyumbani kuja kumwona. Mmoja alimgusa sikio. Mwingine aliuliza kama anauma. Hatimaye wakapelekwa kwa Mkurugenzi wa Ulinganishi, mama nadhifu mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kutazamia watu, na hiyo ya pili ilikuwa bado na karatasi yake ya dukani.

"Mheshimiwa," Siwatu akasema, "huyu ndiye Nyamizi. Nimemleta umwone. Ana miaka mitano. Si mhandisi. Anataka uji."

Mkurugenzi akalisoma faili lote, kisha akamtazama mtoto kwa muda, kisha akarudi kwenye faili.

"Hapa ameandikwa mrefu."

"Nimeandika mimi."

"Ana shahada."

"Nimeandika mimi, mheshimiwa. Niliogopa. Naomba mnirudishie watoto wangu nyuma, pale walipo."

"Mwalimu," Mkurugenzi akasema, na kweli alikuwa na huruma, "ukilinganisha vizuri utaona hapana kosa. Nyamizi wa sasa yuko kwenye faili. Huyu uliyenaye ni wa zamani. Mtunze, ni kumbukumbu. Lakini serikali haiwezi kuhudumia Nyamizi wawili, na kurudi nyuma ni jambo ambalo halijawahi kufanyika katika jengo hili. Hata lifti yetu ikishapanda hatuishushi, tunashuka kwa ngazi."

Nyamizi akauliza kama hapa kuna uji. Mkurugenzi akasema kwa masikitiko kwamba upo, ila ni wa idara nyingine, Idara ya Wastaafu Wenye Heshima.

"Na hao wanapewa nini?" Siwatu akauliza.

"Stahili zao za kawaida. Uji wa maziwa asubuhi, mkeka wa kupumzikia mchana, nyimbo za kuwachangamsha, na mtu wa kuwaangalia wasitoke nje wakapotea."

Siwatu alishuka ngazi polepole, mtoto mgongoni. Alipofika chini alikuwa ameshaamua.

* * *

Kama Wizara haiwezi kurudi nyuma, basi twende mbele. Siwatu alifunga mlango, akachukua kalamu, na safari hii aliandika kwa hasira. Watoto wakaajiriwa. Wakatumikia taifa kwa uadilifu, hakuna aliyeiba hata karatasi, jambo ambalo lingewashtua wasomaji kama pangekuwa na wasomaji. Wakapandishwa vyeo, wakaugua mgongo, wakastaafu wote kwa pamoja siku ya Ijumaa.

Jumatatu gari likaja. Likashusha maziwa, unga, sukari, mablanketi na bakora za kutembelea. Kibao cha chekechea kikang'olewa, kikawekwa cha Makao ya Wastaafu Wenye Heshima. Mama wa machimboni waliwaleta wazee wao asubuhi wamewashika mikono, wengine wamewabeba. Bakora zikawa farasi. Nyamizi alivishwa nishani ya utumishi uliotukuka, akaitumia kuchimbia shimo la sisimizi.

Bwana Tungaraza alikuja kukagua akaridhika mno. Aliandika kwamba wastaafu wanalala mchana bila kusumbua, wanalia wakinyimwa sukari, na hawakumbuki waliambiwa nini jana. Alipomwona Nyamizi amepoteza jino la mbele akaandika hilo nalo, akalipigia mstari, kwamba umri umethibitika.

Siwatu alicheka peke yake siku ile hadi akajifuta machozi. Alijiona ameishinda serikali. Watoto walishiba, walicheza, jicho la Nyamizi lilipona, na kalamu yake, alidhani, ilikuwa imefika mahali ambapo haiombwi tena kwenda mbele.

* * *

Mpango uliofuata Bwana Tungaraza aliuleta mwenyewe, kavaa tai nyeusi. Hakukaa. Alimkabidhi Siwatu karatasi kwa mikono miwili.

Uliandikwa: Robo ijayo, wastaafu watafariki. Kwa amani, wakiwa wamezungukwa na serikali yao.

Chini yake palikuwa na Taarifa za Kuona, moja kwa kila mtoto, zimeshajazwa kwa mashine ili kumpunguzia mwalimu kazi. Ilibaki sahihi ya mtazamaji. Ya juu kabisa ilikuwa ya Nyamizi.

"Mahema yameshalipiwa," Bwana Tungaraza akasema kwa sauti ya msibani. "Mchele umeshanunuliwa. Mheshimiwa ameshaandika hotuba, na nasikia ameilia mwenyewe. Hapa ni kusaini tu. Na usihofu, Mwalimu, marehemu wana fungu zuri. Kuna chakula cha mazishi, cha arobaini, cha kumbukumbu ya mwaka. Watakula kuliko sasa."

Siwatu aliitazama karatasi. Alifikiri juu ya pilau, na sitawaficha kwamba alifikiri kwa muda. Alikuwa ameshasaini mengi kwa ajili ya sufuria lile. Nje Nyamizi alikuwa anawafokea wenzake kwa sababu wamekanyaga barabara ya sisimizi, na sauti yake ilipita kwenye pengo la jino ikitoa mluzi.

"Sisaini," Siwatu akasema.

"Kwa nini?"

"Sijaona."

Bwana Tungaraza akavuta pumzi. Hakuwa mtu mkatili, alikuwa na watoto wake, na nadhani alichosema alikisema kwa mshangao wa kweli.

"Mwalimu, hukuona mduara ukasaini. Hukuona shahada ukasaini. Umewapa watu ugonjwa wa mgongo na kuwastaafisha bila kuona. Leo macho umeyapata wapi?"

Uso ulimwaka Siwatu kwa aibu, maana kila neno lilikuwa kweli, na aliyelisema alikuwa Bwana Tungaraza. Aliirudisha karatasi mezani, akaiweka kalamu juu yake, akaficha mikono nyuma kama mtoto aliyekatazwa kugusa.

"Ukija kuzika, utamzika nani?" akauliza.

"Mazishi hayahitaji mtu, Mwalimu, yanahitaji bajeti. Na bajeti imepita. Sasa mimi niende nikamwambie Mheshimiwa nini? Kwamba tumechelewa?"

Mdomo wake ulitetemeka aliposema neno hilo la mwisho. Aliondoka bila kuaga.

* * *

Wizara ilikesha ikifikiri. Mahema yalikuwepo, mchele ulikuwepo, hotuba ilikuwepo. Kilichokosekana ni marehemu, na marehemu hawezi kupatikana bila sahihi ya aliyemwona. Ni Mkurugenzi wa Ulinganishi aliyeng'amua kwamba katika mafaili yote kuna jina moja ambalo halina mtazamaji wa kulisainia, hivyo halihitaji sahihi, na hilo ni la mtazamaji mwenyewe.

Hivyo Siwatu akafariki. Alipata habari kwenye redio ya jirani akiwa anachambua mchele. Ilisemwa ameaga dunia baada ya kuugua kwa muda mfupi na kwamba pengo lake halitazibika.

Mazishi yalikuwa makubwa. Mahema yalifunika hadi mashine ya kusaga, magari ya vioo yakajaa barabarani, na bendi ya polisi ikapiga. Kwa kuwa wapishi wa serikali walikuwa wachache, Siwatu mwenyewe alifunga khanga kiunoni akapakua pilau, akiwatanguliza watoto. Hakuna aliyemuuliza kitu. Bwana Tungaraza alipofika na sahani yake waliangaliana. Akainamisha kichwa, akasema, "Pole kwa msiba," akaongezewa nyama.

Mheshimiwa Fumbwe alilia mapema, aya mbili kabla ya pale palipoandikwa alie.

"Marehemu alikuwa jicho la taifa," akasema. "Aliona pale ambapo wengine tulikuwa tukiangalia tu. Na kwa kuwa jicho hilo limefumba, Serikali, kwa heshima yake, imeyafunga mafaili yote aliyoyafungua. Kisichoonekana hakipo. Watoto wake hawa wasisumbuliwe na mtu."

Makofi. Jeneza lilishushwa, jepesi sana, wachukuzi wakajitahidi kuonyesha ni zito.

Mshahara wa Siwatu ulikatwa jioni ileile. Katika hilo pia Wizara haikuchelewa. Kibao kiling'olewa, mikeka ikachukuliwa, lakini magunia ya mchele wa arobaini na ya kumbukumbu ya mwaka yaliachwa, kwa kuwa yalikuwa mali ya marehemu. Mama wa machimboni wakaahidiana kupika kwa zamu mchele utakapokwisha, wakagombana papo hapo nani aanze, na hiyo ilikuwa dalili kwamba watapika kweli.

Asubuhi iliyofuata watoto walikuja kama kawaida. Siwatu aliwakalisha kwenye sakafu tupu, akakaa na yeye, na mazoea yakaupeleka mkono wake kutafuta Mpango. Haukuwepo. Akaogopa kidogo. Alikuwa amesahau kazi hii inaanzaje.

Nyamizi alikaa mbele yake akihangaika na kifungo cha sweta. Alikiingiza tundu la juu, akaona upande mmoja umerefuka, akakitoa. Akajaribu la chini. Alitoa ulimi, akakunja uso, akanuna, akakirushia kifungo neno la machimboni ambalo mtoto hafai kulijua. Siwatu alinyoosha mkono kumsaidia, kisha akaurudisha mapajani. Moyo ulikuwa unamdunda, kwa kuwa mtoto angeweza kufanikiwa na angeweza kushindwa, na hapakuwa na karatasi popote duniani iliyomwambia ni lipi. Akasogea karibu, akatazama.